Uso wa Balozi Tindi

Nyumba 47, Blok F
Nairobi
Jumapili, 19 Januari 2025

Mama,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko Johannesburg, na kama si mzima andika upesi useme unaumwa nini, maana wewe tangu utotoni hata malaria ulikuwa unaificha ili usinyang'anywe penseli. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Batulo wa 48 anakusalimu na anauliza kama huko unapata chai ya maana.

Unalalamika kwamba siongei kwenye simu. Wewe umezaliwa katika nyumba hii, unazijua kuta zake. Nikisema "halo" ni Batulo anayeitikia. Kwa hiyo nitaandika kwa mkono kama nilivyozoea, Maingi wa saiba, yule mwenye duka la kompyuta, atapiga picha akutumie, na barua yako ataichapisha anitilie kwenye bahasha. Anaapa kwamba hasomi. Anaapa haraka sana.

Sasa, kitabu chako cha katuni. Watu hawanipi nafasi. Nikienda kununua maziwa naulizwa katuni ya Asenath itafika lini. Kosa ni lako na ule utaratibu wako wa kuomba uso. Ulikaa hapo mlangoni mwaka wa juzi, kigoda kimoja chako na kimoja cha mgeni, huchori sura ya mtu mpaka akubali na apewe soda yake. Blok nzima imeingia kwenye katuni! Batulo ndiye mkalimani wa wale viumbe wa angani, na ameshawatangazia wanawake wote anaoswali nao Pumwani. Opicho mwenyekiti wetu alitaka urais, ukampa urais, na tangu siku hiyo anatembea kifua mbele.

Balozi Tindi pekee ndiye mhusika aliyekosa mtu wa kumpa uso. Nani angekubali uso wake upewe mtu aliyeuza mtaa kwa viumbe? Wote walikunywa soda wakakataa. Nakumbuka ulivyonuna, nikakwambia chukua wangu, umeshazeeka, hauwezi kuharibika zaidi. Tukacheka mpaka Batulo akagonga ukuta.

Lakini nikwambie kitu, kazi ile ni nzuri. Wageni wasio na bunduki, wapole, wanaokuja na viti vyao na chupa za maji, hawachukui hata jiwe mpaka binadamu mmoja atie saini. Hapo ulinimaliza. Mimi ni katibu wa wapangaji mwaka wa kumi na tisa sasa, wageni wa namna hiyo nawajua, ila wetu huja na gari jeupe.

Kula vizuri. Usilale na madirisha wazi.

Baba yako,
Shitanda


Johannesburg
4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Sasa? Najua hupendi "sasa", basi habari za huko. Pole na goti. Paka ile dawa niliyokuachia, usiigawe kwa kila mzee wa kanisa anayechechemea. Mimi niko sawa, nimenenepa kidogo, na chai ya huku mwambie Batulo ni maji ya kunawia.

Baba, kimetoka! Nimekishika mkononi, kurasa mia moja na arobaini, rangi tupu. Nililia mbele ya watu nisiowajua. Siku ya uzinduzi walitundika ukurasa wa thelathini na moja ukubwa wa mlango, ule ambao Balozi Tindi anainama kutia saini na nyuma yake mtaa unaanza kunyanyuka kwenda angani, nyumba na kamba za nguo na kila kitu. Watu walisimama kuutazama uso wako dakika nyingi. Mama mmoja akasema, huyu mtu amechorwa na mtu anayemjua. Nikajivuna, nisikudanganye.

Mchapishaji ameongeza maneno kwenye jalada: "Kutokana na mambo ya kweli." Nilimwuliza mambo gani ya kweli, viumbe wana viwiko vitatu? Akasema huku vitabu vya Nairobi vinauzika hivyo. Nikaona ni maneno matano tu, nikaacha.

Nimetuma nakala thelathini kwa Maingi. Kila aliyetoa uso apewe yake kwanza, kama nilivyoahidi.

Binti yako,
Asenath


Blok F
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa wote unaokaa nao. Mimi mzima, goti limenipa likizo.

Katuni zimefika na mtaa umeingia wazimu. Batulo amefunika yake na plastiki kama Msahafu. Watoto wakiniona wanapiga saluti, "Balozi! Balozi!" Hata mchungaji Jumapili iliyopita amenitania madhabahuni, eti mzee wetu wa kanisa ametuuza mbinguni bei ya jumla. Nikasimama nikainama kama yule wa ukurasa wa 31, kanisa likalipuka kwa kicheko. Mama, sijawahi kuwa na furaha namna ile tangu mama yako atuache.

Jambo la pili. Tarehe 5 gari jeupe lilikuja. Vijana wa suti za kubana, projekta, picha za ghorofa zenye miti juu. Walisema wamekuja kusikiliza maoni yetu kuhusu kubomoa nyumba hizi na kujenga mpya. Tuliwapa maoni. Batulo aliwapa maoni mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Tulikataa wote, na nikaandika kwenye kumbukumbu: wapangaji wamekataa.

Mahudhurio tulitia saini kama kawaida, watu 212. Unajua mambo yetu, bila saini hakuna soda wala mandazi. Ukurasa wa kwanza niliuandaa mimi kwa rula, kichwa cha mkutano, tarehe, jina langu na saini kama katibu, halafu karatasi tupu za mistari zikazungushwa. Opicho akazikusanya.

Andika. Wiki saba nimekaa bila barua yako.

Baba yako,
Shitanda


Blok F
Jumapili, 29 Juni 2025

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, roho si nzima.

Jumatatu wamebandika notisi kwenye kila mlango, siku tisini kuanzia tarehe mosi Julai tuwe tumehama. Nyuma ya notisi kuna nakala ya ukurasa wangu, ule wa rula, na mtu amepiga muhuri juu yake: WAPANGAJI WALIOKUBALI. Jina langu pekee ndilo linaloonekana hapo. Zile kurasa nyingine wamesema zimo ofisini.

Nilifikiri watu watacheka. Wote walikuwa kwenye ule mkutano, wote walikula mandazi! Niliwaambia, jamani, si tulitia saini sote? Wakaniangalia usoni, na nilijua wanaona nini. Opicho, aliyezibeba karatasi kwa mkono wake, akainua katuni yako ukurasa wa 31 akasema, "Binti yake mwenyewe alitwambia mapema. Someni jalada." Wakasoma jalada.

Hapo bado ningejitetea. Lakini kijana mmoja akaweka simu kwenye spika, ni wewe unahojiwa redioni huko. Mtangazaji anakuuliza Balozi Tindi ni nani. Ukacheka, ukasema, "Ni mtu ninayemjua vizuri sana. Nimekula meza moja naye." Akakuuliza kama kweli aliuza mtaa wake. Ukasema, "Nairobi mambo hayo ni ya kila siku."

Asenath, ulisema hivyo? Nimeisikiliza mara tatu nikitumaini ni mtu mwingine.

Jana nilimsalimia Batulo, akafunga mlango. Wewe ulinyonya chupa kwenye mapaja yake mama yako alipokuwa hospitali.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Shitanda


Johannesburg
22 Julai 2025

Baba,

Pole sana. Nimeumia kusikia haya. Natumaini afya yako iko sawa na unakula.

Yale mahojiano, Baba, yalikuwa ya kutangaza kitabu. Mtu anauliza, unajibu kitu kitakachofanya watu wasikilize. Sikutaja jina lako. Kweli nimekula meza moja na wewe, sikudanganya hapo. Sikujua kwamba Nairobi watasikia.

Kuna jambo gumu. Kitabu kimeingia kwenye orodha ya tuzo kubwa, kundi la ushuhuda, yaani vitabu vya mambo ya kweli. Mchapishaji ameniomba nisiseme lolote hadharani mpaka washindi watangazwe mwezi wa tisa. Nikisimama leo niseme yote nilibuni mlangoni kwetu huku watu wakinywa soda, wataniondoa. Baba, nimehangaika miaka kumi na moja kufika hapa. Nivumilie mpaka mwezi wa tisa tu.

Na naomba usikasirike kwa hili nitakalouliza. Hukutia saini kitu kingine? Labda walikupa karatasi hukuisoma vizuri, macho yako siku hizi si mazuri. Nauliza ili nijue nasimama wapi.

Binti yako,
Asenath


Blok F
Jumapili, 3 Agosti 2025

Asenath,

Sijambo. Hujambo.

Umeuliza kama nilitia saini kitu kingine. Nimeitafuna barua yako siku kumi na haimezeki. Opicho hakuniuliza hivyo. Hata yule kijana wa simu hakuniuliza, walinishtaki moja kwa moja kama wanaume. Wewe umeniuliza kwa upole, na heshima juu, na "pole sana". Ala! Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, leo unaniuliza kama najua kusoma?

Sikutia saini kitu. Nilitia saini mahudhurio. Nimelijibu mara moja, usinirudishe hapo tena.

Sasa nisikilize, maana hili si la moyo tu. Jumapili tarehe 21 Septemba kuna mkutano wa wapangaji wote. Tumepata wakili, msichana wa Eastleigh anaitwa Bilan, hana maneno mengi. Yeye anataka kwenda kortini kabla ya siku tisini kuisha, lakini watu hawataki kuchanga hata jasho wakiwa na msaliti kwenye kamati. Wananitaka nje, na wengine wanataka nitupiwe vitu barabarani nianze mimi. Kanisani tayari wameniambia nipumzike uzee wa kanisa "kwa muda".

Nahitaji karatasi moja kutoka kwako. Moja! Andika: uso huu niliuomba mimi, baba yangu alinipa kwa mzaha wakati wengine wamekataa, nilichora miaka miwili kabla ya gari jeupe kufika, na maneno ya jalada ni ya kuuzia. Tia saini yako. Maingi ataichapisha, nami nitaisoma mbele ya watu. Opicho hataweza kuinua kitabu tena. Hapo tunaweza kuulizana kwa utulivu nani alibadilisha zile karatasi.

Tuzo ni yako, sikuombi uirudishe. Lakini nyumba hii nimekaa miaka arobaini na moja na jina langu lina miaka sabini na mbili. Usiniambie nivumilie.

Nitamtembelea Maingi kila jioni mpaka tarehe hiyo.

Baba yako,
Shitanda


Johannesburg
9 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Sijui nianze vipi. Kukuuliza habari naona aibu, lakini nauliza. Unaendeleaje? Goti je? Simu yako haiingii tangu mwezi uliopita na Maingi hajibu ujumbe wangu.

Tulishinda. Walitangaza tarehe 20 Septemba usiku. Nilipanda jukwaani kwa kitenge cha Mama, nikashukuru "watu wa Blok F walionipa nyuso zao", wakanipigia makofi wamesimama. Karatasi yako nilikuwa nimeiandika tangu Agosti, Baba. Haki ya Mungu nilikuwa nayo kwenye simu, imekamilika, inangoja kutumwa. Nilisema nitaituma nikitoka jukwaani. Nikatoka, kukawa na picha, kukawa na chakula, mtu wa filamu akanishika mkono. Nikasema asubuhi. Asubuhi kulikuwa na gazeti lililoandika "sauti ya ukweli kutoka Nairobi", na picha yangu. Nikaiangalia ile picha, nikaona nikituma ile karatasi leo, kesho watu hao hao watacheka. Sikuituma. Hakuna aliyenizuia. Mchapishaji alishasema baada ya tuzo niko huru.

Nilikuonea hata wivu, nikajiambia wewe umezoea kusemwa na watu, ngozi yako ni ngumu. Mimi ni mtu mbaya, Baba. Nililijua nililokuwa nafanya.

Sasa nimeituma. Iko chini ya barua hii, na saini yangu. Nimeituma pia kwa mchapishaji, nimemwambia jalada libadilishwe na akitaka tuzo aichukue. Isome kwenye mkutano wowote, ipeleke kanisani, mpe Bilan. Au sema neno tu nipande ndege nije niisome mwenyewe mbele yao wote.

Nisamehe.

Binti yako,
Asenath


Dandora
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mama,

Barua yako na karatasi yako zimefika. Maingi alizileta mwenyewe huku ninakokaa sasa, chumba kimoja, ghorofa ya tatu, goti limelalamika sana. Natumaini wewe u mzima.

Karatasi umeiandika vizuri. Ingefika tarehe 21 ningeisoma kwa sauti ya juu. Leo ukimwonyesha mtu yeyote, watu 211 watalala nje. Kwa hiyo soma barua hii mpaka mwisho kabla hujafanya ushujaa mwingine.

Siku ile kabla ya mkutano nilienda kwa Maingi mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Mzee, hakuna," bila kuniangalia. Nikaingia ukumbini mikono mitupu. Opicho alianza kwa kusoma kwenye simu kwamba umeshinda. Watu wakapiga makofi! Binti wetu, Asenath wetu, aliyesema ukweli hata kwa damu yake. Batulo alipiga vigelegele. Mimi nimeketi hapo hapo, na kiti cha kulia kwangu na cha kushoto vyote vitupu.

Kisha Bilan akasimama. Alisema zile kurasa za saini ndizo zinazotumaliza, kwa sababu zinaonekana tumekubali sote. Njia ni moja. Kama kuna mtu ataapa kwamba kurasa zile zilikuwa za mahudhurio, na kwamba yeye aliziwasilisha kama kurasa za waliokubali bila wenziwe kujua, basi ridhaa ya wengine inaanguka na korti itasimamisha ubomoaji. Akasema halazimishi mtu. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Aliyezibeba ni Opicho. Nilimwangalia, naye akaangalia dari. Nilijua hatasema hata akichomwa moto. Na mimi nikisema si mimi, mbele ya watu waliotoka kukupigia makofi, nilikuwa nakuita wewe mwongo na wasingeniamini hata hivyo. Kati yako na mimi ilibidi mmoja awe mwongo.

Nikasimama nikasema, ni mimi. Jumatano nikaenda kuapa, mkono juu ya Biblia, mimi niliyekuwa nikiwasomea wengine Biblia hiyo. Bilan aliniuliza mara mbili mlangoni, "Mzee, una hakika?" Yeye nadhani alijua. Korti imesimamisha ubomoaji tarehe 30 Septemba, wiki ile ile siku tisini zilipokuwa zinaisha. Nyumba zinasimama. Wanasema polisi wanaweza kuniita, wakiniita nitakwenda.

Walinipa siku tatu nitoke. Hakuna aliyenitusi, hilo niwape haki yao. Walisimama milangoni tu wakatazama nikishusha kitanda na mwenye mkokoteni, watu niliowaandikia barua za kazi, za karo, za mazishi. Batulo alisema ndani ya buibui, nikasikia, "Uso ule ule."

Usidhani nilifanya yale kwa upendo mtupu. Sehemu ilikuwa hasira. Nilitaka uishi na jambo ambalo huwezi kulitengeneza kwa karatasi wala kwa ndege. Nimelipata nililotaka na halina ladha yoyote.

Kwa hiyo usije. Ukija ukasema kweli, kiapo changu kinavunjika, kesi inaanguka, nyumba zinaanguka. Mwambie mchapishaji wako aache jalada lilivyo. Sasa hivi hakuna uongo pale, yote yaliyoandikwa yametokea na yako kortini na muhuri.

Umeomba nikusamehe. Bado. Nikiweza nitaandika, na nisipoandika usimsumbue Maingi.

Hapa Dandora hawanijui, na hilo linanipumzisha. Juzi jirani, mama mmoja anaitwa Hibo, aliniletea uji, tukaongea kidogo, akaniuliza kama nina watoto. Ningesema ndiyo angeuliza uko wapi na unafanya kazi gani, na kitabu kingefika hapa pia. Nikamwambia sikujaliwa. Akanipa pole, nikaipokea.

Baba yako,
Shitanda